Parsele ya Mzee Byaombe Bertin Ndani ya Ziwa

Wapendwa katika Bwana, wachungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Baraka na ninyi wote mliotoka Fizi na Kilembwe kuja kulia pamoja nasi, Bwana asifiwe. Mimi ni Constance, mdogo wa mwisho wa marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha ya ndugu yetu. Kuna mgeni mmoja naye ameomba jambo lake. Ni Bwana Patrice, mjumbe wa kampuni ya kutafuta mafuta iitwayo Lac Profond, ambaye amekaa pale mbele kwenye kiti ambacho hakuna mtu aliyemwonyesha. Ameomba kampuni yake itajwe kwa heshima. Tena ameomba kwamba nikimaliza kusoma, Fabien, mtoto wa kwanza, avikwe hapa kaburini kofia ya kampuni ya baba yake, sawa mrithi. Kampuni itatajwa. Habari ya kofia mtaisikia ikifika zamu yake.

Byaombe Bertin alizaliwa Kilembwe tarehe 14 Machi 1959, mtoto wa kwanza wa mzee Samueli na mama Marta, ambao wote wametangulia. Nyumbani kwetu kulikuwa ni kukamua ngazi, yale matunda ya mchikichi. Mama alikuwa anasema Bertin alitembea juu ya maganda ya ngazi mbele ya kutembea juu ya udongo, na visigino vyake vilikuwa vyekundu mpaka siku alipoanza shule.

Shule ya msingi aliisoma pale pale Kilembwe, kutoka 1965 mpaka 1971, miaka sita kwa masomo ya miaka sita, na certificat akaipata. Akaenda Fizi kwa sekondari, akasoma miaka miwili, kisha baba akapata ugonjwa na Bertin akarudi kushika kazi. Mimi niliishia la sita, lakini najua kuhesabu madarasa, na nitawakumbusha hii habari ya masomo mbele kidogo.

Kazi yake ilikuwa mafuta ya ngazi. Kwanza alikamua kwa baba, halafu mwaka 1983 akapata shamba lake karibu na mto Mutambala, akapanda miche ya ngazi kwa mkono wake. Wengi wenu hapa mmekula mafuta yake, na wenye kupika sabuni hapa Baraka wanajua pipa lake kwa macho. Alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja: hakupokea feza ya mtu ambaye hajaonja. Alifungua kifuniko, akasema, "Chovya kwanza, mama. Feza itakuja nyuma." Unachovya kidole, unalamba, unajipaka kidogo nyuma ya mkono. Ukikunja uso, anafunga pipa na hakuna ugomvi.

Ni kwa kidole vilevile alipata mke. Immaculée, binti wa Lulimba, alikuja na dumu lake, akachovya, akalamba, akatema pembeni.

"Mafuta yako iko na maji," alisema.

"Maji? Mafuta ya mi?"

"Ya we. Rudisha ku moto."

Bertin alirudisha pipa lote motoni, na kweli likapiga kelele muda mrefu, maji yakatoka. Aliporudi nyumbani alimwambia mama amepata mwanamke ambaye hatamdanganya. Walifunga ndoa kanisani Fizi tarehe 23 Agosti 1986, na Mungu akawapa Fabien, Divine na Vanessa. Mwaka 1996 vita vilituvusha ziwa sisi wote, tukaishi kambini Tanzania. Tuliporudi mwaka 2008 shamba lilikuwa pori. Yeye na Immaculée walilifyeka, na mwaka wa pili watu walianza kuchovya tena.

Sasa nataja kampuni, sawa ilivyoomba.

Lac Profond ilifika Baraka mwezi wa Juni 2012. Ilikuja kwa mashua ya kukodi, ikazunguka ziwa siku chache ikivuta waya mrefu nyuma yake, ikaondoka. Kilichobaki ni chumba kimoja nyuma ya duka la sabuni, picha ya mnara unaowaka moto mlangoni, na ndani Bwana Patrice na sanduku la kofia. Walituambia chini ya ziwa kuna mafuta kuliko samaki, na hata mtu wa Baraka anaweza kununua aksio, ni kusema kipande chake cha kampuni. Watu wakubwa hao wa mafuta walikuwa wananawa mikono kila saa sita kwa sabuni iliyopikwa na mafuta ya ndugu yangu. Mafuta yao wenyewe hayajatosha kuwasha taa ya kile chumba mpaka leo.

Na mtu huyu, ambaye hakuuza chupa moja bila mnunuzi kuchovya, aliuza nusu ya shamba la Mutambala akanunua mafuta ambayo hakuna kidole cha binadamu kilikuwa kimeyagusa.

Immaculée alimwambia, "Bertin, mafuta yao iko na maji."

"Haujachovya. Unajua je?"

"Si iko mu ziwa? Yote ni maji!"

Walimpa kofia yenye mnara, na Bwana Patrice akamwambia kampuni imepewa bloki ndani ya ziwa. Sisi hapa Baraka bloki tunazijua: parsele, viwanja vya watu, ziko kwa bloki. Ndugu yangu akaelewa kwamba bloki imekatwa parsele, na mwenye aksio ana yake. Akauliza, "Ya mi iko upande gani?" Mtu mwenye haya angemweleza. Bwana Patrice aliinua mkono upande wa Ubwari, akasema, "Kule, mzee, nyuma ya ile mitumbwi." Kumdanganya mzee kulikuwa kwepesi kuliko kumfundisha, na mkono wake haukuchoka.

Tangu siku ile, kila Jumapili tukitoka ibadani, Bertin alisimama ufukweni na kofia yake kuangalia parsele. Wavuvi walimjua. Mkubwa wao, Etabo, alikuwa anapiga kelele kutoka majini:

"Mwenye parsele! Tuko napita mu lupango yako, funga imbwa!"

"Pita tu! Lakini utaacha kodi!"

"Tutalipa, patron. We kata tu majani, imeota sana!"

Wote walicheka, yeye mbele ya wote. Na Etabo, akifika nchi kavu, alimtupia samaki, mukeke mmoja au miwili. "Kodi ya mwezi hii." Wapendwa, tangu aliponunua aksio mpaka siku ya kufa, mavuno yote aliyopata ni mikeke ya Etabo. Kutoka kampuni hakupata hata mkia.

Lakini aliifuata. Wengine wanafuata timu ya mpira, yeye alisema, "Niko nafuata kampuni yangu." Alinunua simu ya kioo kwa ajili ya komunike, yale matangazo ya kampuni, na Divine alimsomea herufi zilizokuwa ndogo. Zote zilianza sawasawa: "Kampuni ina furaha kuwajulisha." Mimi katika maisha yangu nimeona watu wenye furaha, lakini walikuwa wamezaa, au wameozesha binti, au wamevuna. Sijaona watu wenye furaha namna ile kwa kukosa kila mwezi. Ukiuliza mafuta yako wapi, jibu lilikuwa, "Bado tuko mu étude," ni kusema bado wanasoma. Mwaka 2013 étude, mwaka 2017 étude, mwaka jana étude. Niliwaambia nitawakumbusha habari ya masomo. Bertin alimaliza shule ya msingi kwa miaka sita, na alikuwa anakamua ngazi mbele ya kwenda darasani. Hawa wamesoma mara mbili yake, bila jembe, bila kuchota maji, na certificat hawajaileta.

Siku moja walimwita kwenye mkutano mkubwa wa wenye aksio, ndani ya simu. Alivaa koti. Waliambiwa wapige kura kwa kutuma kidole gumba. Alipokuwa bado anakitafuta kile kidole, matokeo yalifika: wote wamekubali. Waliyoyakubali ni kwamba aksio kumi za zamani sasa zimekuwa moja mupya, ila moja hiyo ni nono. Immaculée alisikia kutoka jikoni, akatoka na mwiko.

"Kuku kumi inaingia, kuku moja inatoka, halafu tuseme aksanti?"

"Iko nono, mama Fabien."

"Basi ni ile ilikula zingine."

Msifikiri ndugu yangu alikuwa mjinga. Alikuwa mtu wa kweli, na mtu wa kweli anachelewa kufikiri uongo unaweza kuvaa shati ya kupiga pasi na kukaa miaka kumi na mbili mahali pamoja. Aibu ya jambo hili ina mwenyewe, na mwenyewe hayumo ndani ya sanduku hili.

Ugonjwa ulianza Julai 2023. Miguu ilivimba, presha ikapanda, na hospitalini Baraka walituambia ni figo. Immaculée na Divine walimwogesha, walimlisha, kanisa lilimwombea, na tunawashukuru waganga wa hospitali na bamama wa maombi. Aprili mwaka huu, ziwa lilipopanda na maji kuingia kwenye nyumba za chini, yalisimama mbele ya mlango wake. Bertin aliomba tumwinue kitandani aone. "Parsele imekuja kuangalia mwenye nayo," alisema. Ziwa lilifika mlangoni. Kampuni haikufika. Fabien aliwaandikia kwamba mzee anaumwa, wakatuma picha ya ua ndani ya simu. Halikuwa na harufu, na kwa watu wale hata sikushangaa.

Mwisho wa Agosti tulikuwa wawili chumbani, tumemaliza kuomba. Alinishika mkono.

"Dada, nusu ya shamba inabakia. Patrice ataenda kwa Fabien."

"Ataenda, yaya," nikamjibu kaka yangu.

"We umuambie Fabien achovye kwanza."

Jumapili tarehe 8 Septemba aliuliza kama komunike imetoka. Divine akajibu, "Imetoka, papa. Wana furaha." Akasema, "Wabakie nayo." Jumatatu tarehe 9 Septemba 2024, asubuhi, akiwa nyumbani kwake na mkono wake ndani ya mkono wa Immaculée, Bwana alimchukua. Alikuwa na miaka sitini na tano.

Sasa kofia. Karatasi mlizo nazo mkononi zinaishia kwenye kifo, kwa maana zilichapwa jana saa nne asubuhi. Yanayofuata nimeyaongeza kwa kalamu, kwa kuwa jana mchana, kwenye kilio, Bwana Patrice hakungoja hata tuzike. Alikaa karibu na Fabien kwenye mkeka, akamwekea kofia ya baba yake mapajani. Wengi mlisikia.

"Mutoto, baba yako alikuwa mwenye aksio wa kwanza wa Fizi yote. Hii kofia haiwezi baki bure. Awamu ya pili ya aksio inafunguliwa, na ile nusu ya shamba inatosha kabisa."

Fabien aliigeuza ile kofia, akaipangusa vumbi, akaangalia mnara. Ilikuwa na jasho la baba yake, na mtoto anayelia anaweza kushika kitu chochote. Nilikuwa nimemfikishia lile neno la baba. Immaculée alinifinya mkono mpaka kucha zikaingia. Shamba lile ndilo linalowalisha yeye na Vanessa, hakuna lingine.

Halafu Fabien akasema, "Papa Patrice, leta nichovye."

"Uchovye nini?"

"Mafuta."

Bwana Patrice alicheka. "We mutoto! Mafuta iko chini."

"Chini kabisa?"

"Chini kabisa."

"Basi na kofia iende chini, iifuate."

Watu walicheka mbele ya kukumbuka kwamba tuko kwenye kilio, na mimi nilicheka nao, Bwana anajua. Bwana Patrice alifikiri ni mchezo, ndiyo maana leo ameomba tena. Leo asubuhi, kabla ya kufunga sanduku, Fabien alichukua kofia ili aiweke. Alikuwa anaipeleka upande wa kichwa. Mama yake akasema, "Hapana. Ku miguu." Iko pale, Bwana Patrice, chini ya visigino vya mwenye aksio wa kwanza wa Fizi yote. Hakuna kofia ya kumvika mtu hapa leo.

Marehemu anaacha mjane, Immaculée, watoto watatu, Fabien, Divine na Vanessa, wajukuu watano, mimi mdogo wake, na nusu ya shamba la ngazi, ambalo Fabien ataanza kulipalilia matanga yakiisha.

Tukitoka hapa, wote mnakaribishwa nyumbani kwa chakula. Mikeke ameileta Etabo na wavuvi wake. Nilipomshukuru kwa msaada alikataa hilo neno. "Si musaada, mama. Ni kodi ya mwisho ya mwenye parsele." Imepikwa kwa mafuta ya Mutambala, na Immaculée ameyaonja mwenyewe: hayana maji. Bwana Patrice naye akaribie, achovye. Ni mara yake ya kwanza kuona mafuta, tumwachie nafasi.

Na wewe, yaya, lala salama mikononi mwa Bwana, ndani ya udongo mkavu, kwenye parsele ambayo sisi wote tumeiona kwa macho.