Ufunguo wa Banda la Gemu, Koboko

Ndugu Mwenyekiti wa mtaa huu, Sheikh na Mchungaji mlioketi benchi moja, Mama Afisa mwenye kiwanja, wageni mliotoka Dranya kwa baiskeli, na ninyi wateja wangu mnaotazama televisheni badala ya kunitazama mimi: salamu kwenu nyote.

Mimi Zubeiri nilifungua banda la gemu Arua mwaka 1994. Leo, miaka mitatu baadaye, nafungua la pili hapa Koboko. Nina ufunguo mmoja mfukoni, wa atakayelisimamia banda hili, na watu wawili wanautaka: Yakani, aliyekuja amevaa tai kabla sijatangaza lolote, na Hawah, aliyechoka kushonea watu viraka sokoni na anayeihitaji kazi hii kuliko anavyokiri.

Yakani ni fundi wa kucheza, sibishi. Kila mchezaji huchagua mpiganaji wake kwenye kioo, na Yakani humchagua yule aliyeshinda jana. Leo jitu la mapanga, kesho mcheza karate. Hawah je? Miaka mitatu ni yule yule: kizee mwenye mkongojo, mwendo wa kinyonga, tunayemwita Bibi.

Mnajua ilianzaje? Kidude cha pili cha kuchezea kilikufa kibonye cha kuruka. Wapiganaji wote huruka, isipokuwa Bibi. Basi anayechelewa alipewa kidude kibovu na kizee chake, na Hawah alikuwa akitoka sokoni wa mwisho. Nilipoleta kidude kipya kutoka Kampala, nikamwambia achague mwingine.

Akanijibu: "Hapana, Mzee. Hawa wengine iko na nguvu, lakini mimi hapana jua wao. Huyu Bibi, wakimupiga, mimi nasikia hapa." Akajigusa mbavu. Nilicheka mpaka nikamwaga chai.

Je, alishinda? Mara nne! Na mara moja mpinzani alikuwa amesinzia.

Sasa sikilizeni. Mwezi uliopita, Ijumaa, banda la Arua limejaa, jenereta ikazima. Yakani akahamia banda la jirani, kwani ndilo lililokuwa na umeme. Hawah alibaki nami mpaka magharibi, mikono myeusi kwa oili, akiitukana jenereta kwa Kiswahili cha jeshi alichorithi kwa babake. Siku ile sikucheka.

Kwa nini mtu amng'ang'anie mpiganaji anayepigwa? Kwa sababu wamepigwa pamoja, na kipigo hicho hakuna mwingine anayekijua. Mke wangu Asiya, usijifiche nyuma ya sufuria: ulikuwa na mchumba mwenye lori, ukanichagua mimi. Mpaka leo hujabadilisha, na mimi nakushukuru kila siku, hata nisiposema.

Yakani, mwanangu, utacheza hapa bure wiki nzima. Najua utapata pengine.

Mwenyekiti na wageni wote, nawashukuruni kwa masikio yenu na kwa kuuvumilia wali unaonukia. Asanteni sana.

Hawah, njoo uchukue ufunguo wako. Usilie, mama. Mlango ni mgumu. Ukigoma, usukume kwa goti.