Mzee Subiri, Bibi na Mikate ya Mama Mkwe

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na saba katika kiwanda chetu cha mikate, fundi wetu wa kompyuta anastaafu. Jina lake kamili liko kwenye barua za ofisi. Sisi wa chumba cha kufungasha tunamwita Mzee Subiri, kwa sababu ukimpelekea tatizo lolote, hata kama linatoa moshi, jibu lake la kwanza ni "Subiri kwanza."

Alikuja akiwa kijana mwembamba, tena mwenye nywele, wakati oda za maduka zilipokelewa kwa simu na kupotea kabla ya kufika kwenye tanuri. Akajifungia miezi kadhaa, akatoka na programu aliyoiandika mwenyewe, mstari kwa mstari. Ilipokea oda, ikawaambia waokaji waoke nini, ikampangia dereva njia. Ilipozeeka na kuanza kukwama, tukaibatiza Bibi. Bibi hakumsikiliza mtu mwingine. Mzee Subiri alikuwa akiinama kumbembeleza kwa sauti ambayo mkewe anasema hajawahi kuisikia nyumbani. Dada yetu huyo hupenda kusema kwamba ana mke mwenza mmoja tu, na analala kiwandani.

Mwaka huu meneja alimpa kazi ya mwisho: achunguze jukwaa jipya la kuundia programu bila kuandika hata mstari mmoja. Unaburuta visanduku kwa kipanya, unaviunganisha, na kitu kinatoka kizima: ukurasa anaouona mwenye duka, hifadhi ya kumbukumbu kule nyuma, na yote yaliyo katikati. Likifaa, Bibi anazimwa. Basi sote tukadhani jibu tunalijua: atalikataa. Wapakiaji walianza hata kuliambia pole hilo jukwaa.

Na kweli alilitesa, Mungu anisamehe kwa neno hilo. Alichomoa mtandao katikati ya oda. Aliwaambia makarani wawili wagombanie trei ya mwisho ya keki kwa wakati mmoja. Alijifanya dereva, akajaribu kuchungulia bei za ofisini. Akataka kujua kama siku tukihama tutaondoka na kumbukumbu zetu au tutaziacha mlangoni kwa watu. Jukwaa likavumilia yote.

Jioni moja alitaka oda ya kujaribia, na jukwaa likadai anwani ya kweli. Akaweka ya mama mkwe wake, mikate mia tatu, akaenda zake nyumbani. Alisahau kwamba mchana ule ule alikuwa ameliunganisha na printa ya waokaji. Alfajiri waokaji wakaoka, sisi tukafunga, dereva akapeleka. Asubuhi mama mkwe akapiga simu, furaha tele: "Baba, nimepokea, Mungu akuzidishie. Lakini mwanangu, mimi si naishi peke yangu?"

Tulicheka hadi trei zikatuanguka. Kisha tukaanza kupiga hesabu. Aseme tu kwenye ripoti kwamba jukwaa limekosea, na Bibi amepona. Meneja mwenyewe alikuwa tayari kuamini. Lakini Mzee Subiri aliandika kwamba jukwaa lilifanya vile vile lilivyoambiwa, na aliyekosea ni yeye, kwa kuchanganya majaribio na kazi. Akashauri linunuliwe, nakala ya kumbukumbu zetu itolewe kila wiki, na wafanyakazi wawili wafundishwe. Akaongeza kwamba si haki kutuachia mashine inayomsikiliza mtu mmoja, na mtu huyo hayupo.

Jumanne alimzima Bibi kwa mkono wake. Alifuta vumbi kwenye kioo, kisha akatuuliza tumesimama pale tunangoja nini.

Jumatano alichukua mapumziko. Oda zikaingia, mikate ikatoka. Mkewe ametuambia kwamba bwana alikaa sebuleni na simu mapajani hadi mchana, kila mara akiangalia kama ina chaji, na haikulia. Jioni alikuwa amenuna na anajivuna, vyote kwa pamoja.

Mzee wetu, asante kwa miaka yote hiyo, na zaidi kwa ripoti ile. Mwenyezi Mungu akupe afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wasumbufu. Simu tutapiga, lakini itakuwa ya kukujulia hali tu. Nenda ukapumzike vizuri, tunakupenda.