Mama Mabula na Salamu za Mtoto Limi

Ndugu waombolezaji, Lusia Mayala alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 kijijini Didia, Shinyanga, mtoto wa pili kati ya sita wa Mzee Mayala na Mama Kabula. Alichunga ng'ombe pamoja na kaka yake, na mdogo wake Adam, ndiye anayewasomea wasifu huu, anathibitisha kwamba fimbo yake haikubagua ng'ombe na ndugu.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Didia, akamaliza darasa la saba mwaka 1976. Baadaye alisomea uhudumu wa afya ya mama na mtoto, na mwaka 1981 akapangiwa kazi katika zahanati huko Tinde. Huko alikutana na Bartholomeo, fundi seremala aliyepewa kazi ya kutengeneza benchi la akina mama wa kliniki. Benchi lile mguu mmoja ulikuwa mfupi. Bartholomeo alirudi kulirekebisha mara nne, na kila akirudi lilizidi kuyumba, hadi Lusia akamwambia aseme shida yake au apime mbao vizuri. Walifunga ndoa tarehe 6 Novemba 1982. Benchi lilitulia wiki hiyohiyo.

Walijaliwa watoto watatu: Mabula, Esta na Charles. Mabula alizaliwa mwaka 1984 baada ya uchungu wa siku mbili, akachelewa kulia. Hakusumbua kabisa. Kila aliyefika kumwona alimpongeza mama kwa kupata mtoto mpole, na Adam alimsifia kwa mdomo wake mwenyewe. Kumbe Mabula alikuwa na mtindio wa ubongo. Ilijulikana akiwa na miaka mitatu, hospitalini Mwanza, ambako mtaalamu wa mazoezi aliwauliza walikuwa wapi siku zote hizo. Swali lile lilimuuma sana Lusia, mtu aliyekuwa akipima watoto wa wenzake kila siku. Alijifunza mazoezi yote, Bartholomeo akachonga kiti cha kumkalisha mtoto wima, na tangu hapo ukimsifia Lusia mtoto mpole alikuwa anavaa viatu aende kumkagua.

Mwaka 1996 familia ilihamia Buseresere, upande wa Geita. Alipostaafu mwaka 2016 alianza kuzunguka vitongojini akitafuta watoto waliochelewa kukaza shingo, kukaa au kusimama. Kila Jumanne walikusanyika na mama zao uani kwake kwa mazoezi. Kwenye nyumba zisizo na kifaa cha kumsimamishia mtoto, alichimba kishimo kifupi, akakitandika kanga, mtoto akasimama humo dakika chache huku ameshikwa. Sasa jamani, mama mtu mzima anapita nyumba kwa nyumba na jembe, anapima ardhi kwa kamba, tena kwenye nchi ya dhahabu. Mji mzima ukasema Mama Mabula ameona mwamba wenye dhahabu.

Asubuhi moja ya Julai 2017 wachimbaji wanne walimfuata, wakiongozwa na kijana aitwaye Wiliam. Wakamwamkia kwa heshima zote, wakaomba wachimbe pamoja na kitakachopatikana wagawane. Lusia akawaambia wachimbe kwanza, maelezo baadaye. Walichimba vishimo vitatu vilivyonyooka vizuri, ndipo akawaambia ni vya watoto. Walicheka mpaka wakakaa chini. Wiliam, akipangusa jasho, akasema kwake hakihitajiki kishimo: binti yake Limi, wa miezi mitano, ni mpole na ana adabu kuliko wakubwa. Kila akiamka huamkia. Huinamisha kichwa na kukunja mikono mara nane, mara kumi mfululizo, na babu yake humwitikia marahaba zote.

Lusia aliacha kucheka.

"Baba Limi, hiyo siyo salamu. Ni kifafa cha watoto wachanga. Washa pikipiki twende."

Wiliam alikasirika, na baba gani asingekasirika? Lakini pikipiki aliiwasha. Walipofika kwa Wiliam, Lusia hakubishana na mtu. Alikaa karibu na mke wa Wiliam, Loveness, mpaka mtoto alipoamka na kuanza kuinama, akawaambia wasitazame kichwa, watazame macho. Macho yalikuwa hayamwoni mtu. Babu alifungua kinywa aitikie, akaishia kumwita Limi kwa jina. Siku hiyohiyo walikwenda hospitali. Daktari alisema kila wiki ya kuchelewa ingemnyang'anya mtoto mengi, akaanza dawa, na Jumanne iliyofuata Limi alikuwa uani kwenye mazoezi. Leo ana miaka minane, yuko darasa la pili, mguu wa kushoto anauburuta kidogo, na mwalimu amemhamisha dawati mara tatu kwa sababu ya maneno mengi.

Bartholomeo alitutangulia mwaka 2019. Oktoba 2024 Lusia alipata kiharusi cha upande wa kulia. Loveness, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa msaidizi wake wa Jumanne, ndiye aliyemfanyisha mazoezi. Mgonjwa yule alikuwa msumbufu! Alinyoosha mkono mara tano akatangaza kumi, na akibanwa alidai mwalimu wa Loveness hakumfundisha vizuri. Kufa hakukumtisha. Alichoogopa ni mama atokaye mbali na mtoto mgongoni, akute mlango umefungwa, arudi zake, asije tena. Mwezi Mei, hali ilipokuwa mbaya, alimwambia Loveness, "Nikifa Jumatatu, Jumanne fungua. Mtanizika Jumatano."

Alifariki Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi, hospitalini Geita. Jioni iliyotangulia Loveness alikuwa amemsimulia kwamba wamekuja watoto kumi na mmoja, na mmoja amekaa peke yake kwa mara ya kwanza. Alitaka kujua amekaa muda gani.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, wadogo zake wanne, na watoto wa Jumanne ambao familia haijui idadi yao. Jana ukoo ulikaa kupanga siku ya kuanua matanga, wazee wakataka wiki nzima kwa heshima yake. Mabula, ambaye maneno yake hutoka taratibu na hakatizwi na mtu akiyatoa, alisema, "Turubai litoke Jumatatu. Uwanja una kazi."

Basi, neno la Mabula ndilo lililopita. Bwana ampokee dada yetu Lusia na kumpa pumziko la amani. Jumanne, tarehe 17 Juni, saa tatu asubuhi, mlango utakuwa wazi. Mwenye mtoto amlete.