Naftali Kitundu na Land Rover Ndefu ya Sepuka

Mchungaji, wazee wetu, ndugu wa Ulemo na ninyi mliosafiri kutoka Mandewa na Sepuka, shikamooni wakubwa wangu. Mimi ni Laurenti, mdogo wake marehemu, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitayasoma kadiri sauti itakavyoniruhusu.

Naftali alizaliwa hapa Ulemo tarehe 14 Aprili 1931, kwa mujibu wa kitabu cha ubatizo, ingawa kadi yake ya kodi inasema 1929, kwa kuwa karani wa wakati ule alimtazama urefu, akakadiria, akagonga muhuri, hivyo kwa Serikali tunamzika mtu mwenye umri mkubwa kuliko yule aliyezaliwa na mama yetu.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1941 hadi 1946, akamaliza darasa la sita, na mwaka 1949 akaenda Singida mjini kufagia katika studio ya mpiga picha mmoja wa Kihindi, ambako baada ya miaka miwili ufagio ulishikwa na mtu mwingine na yeye akashika kamera. Tarehe 11 Agosti 1956 alifunga ndoa na Dina, aliyekaa hapa mbele yenu, wakajaliwa watoto watatu, Sara, Marko na Theresia, na mwaka 1962 akafungua studio yake mwenyewe Mandewa.

Riziki yake ilitoka katika picha za kadi za chama na za arusi, lakini moyo wake ulikuwa kwenye magari yaliyokatwa na kuundwa upya na mafundi wetu, malori yaliyogeuzwa mabasi, mapikapu yaliyofungwa bodi za mbao, na kuanzia mwaka 1966 jarida moja la Dar es Salaam lilikuwa likimwagiza picha hizo, hasa za maonyesho ya Sabasaba. Alifuta matairi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akamwaga maji chini kutuliza vumbi, akangoja jua lishuke ili mshono wa kuchomelea uonekane. Taabu yake ilikuwa moja, kwamba mhariri alitaka gari peke yake, na sisi huku, kama mnavyojua, gari likisimama peke yake pichani tunasema mwenyewe amekufa, kwa hiyo kila alipotega kamera watu walijipanga mbele yake na mikono juu ya boneti. Alizoea kuwapiga kwanza wao, akawaambia, "Tayari wazee, asanteni, kanyweni maji," wakishageuka akapiga ya mhariri.

Mwaka 1974 fundi Gaspari wa Sepuka alikata Land Rover ya kijiji nyuma ya viti vya mbele, akaunga chasisi kwa chuma cha trekta bovu, ikarefuka kiasi cha mgonjwa kulala amenyooka na ndugu wawili kukaa kando yake. Kwenye Sabasaba ya mwaka ule ilipewa cheti cha kujitegemea, Naftali akaipiga picha, na jarida likaichapa Machi 1975. Mwezi uliofuata mkaguzi wa magari alifika Sepuka na jarida mkononi, akaipima kwa futi kamba, akathibitisha kuwa gari ni refu kuliko kadi yake inavyosema, akaondoka nalo hadi yadi ya Serikali Singida mjini, na picha ya kaka yangu ikabandikwa kwenye faili kuwa ushahidi. Naftali aliandika barua kumi na moja kuomba gari lirudi. Wazee wa Sepuka hawakumlaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililomuumiza.

Tarehe 2 Februari mwaka huu wa 1976 alianza kuumwa tumbo, likavimba, akalazwa, na tarehe 4 Machi daktari alituambia kwamba ni lazima afanyiwe upasuaji Dodoma, tena apelekwe amelala, kwani kukaa kwenye basi kungemuua njiani. Gari la hospitali lilikuwa juu ya matofali likingoja vipuri. Gari la kumlaza mtu lilikuwa moja tu, nanyi mnalijua.

Nilikwenda ofisini, ofisi ambayo heshima ya msiba inanikataza kuitaja, nikaambiwa kwa upole kwamba gari linaweza kutolewa kwa kibali maalumu, zikiletwa picha tatu za hali yake ya sasa, mbele, ubavuni na nyuma, namba ikisomeka. Basi Naftali, akiwa kitandani, alimfundisha Dina kwa maneno, "Mama Sara, jua liwe mgongoni kwako, usipumue unapobonyeza," na Jumatano tarehe 10 Dina akaenda yadi na kamera. Huko alimkuta Gaspari na wazee tisa wa Sepuka waliotembea tangu alfajiri, wamevaa kanzu na makoti, na mmoja akamwambia, "Mkwe wetu, hatuwezi kuliacha gari lipigwe peke yake wakati mumeo anaumwa, unataka kumwitia nini?" Dina akawaamkia, akawapiga. Nilizisafisha picha hizo mwenyewe, na zote tatu zilikuwa za wazee, namba imefunikwa kwa kanzu. Naftali alizitazama sana, akacheka huku ameshika tumbo, akasema, "Dina, umewapiga vizuri, hakuna aliyefumba macho."

Filamu ilikuwa imekwisha kwa picha hizo tatu, na madukani haikuwapo. Nyingine ilifika kwa basi kutoka Dar es Salaam Ijumaa tarehe 19, picha zikapelekwa Jumatatu tarehe 22, zikapokelewa, zikasifiwa, na mwenye kutia sahihi alikuwa kwenye semina. Jumatano tarehe 24 Machi, saa nne asubuhi, Naftali alifariki, mimi nikiwa kwenye benchi la ofisi ile.

Kibali kilitoka jana. Kinaruhusu gari hilo kumsafirisha mgonjwa Naftali Kitundu kutoka Singida kwenda Dodoma, si mtu mwingine, si mahali pengine, na Gaspari alipouliza kama linaweza kumleta Ulemo, karani, ambaye machozi yalimlengalenga, naamini hivyo, alisema hapo kunatakiwa ombi jipya. Ndiyo maana mmemwona akishushwa kutoka lori la ushirika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliofanya kila kilichokuwa mikononi mwao, majirani wa Mandewa waliompikia Dina uji siku hamsini, wapiga picha wenzake waliofunga studio zao leo, dereva wa lori, na wazee wa Sepuka, ambao naomba wasijilaumu, maana walisimama pale kwa kumpenda.

Kaka, tulifanya kila tulichoambiwa, kwa utaratibu tulioambiwa, na hatukuweza kukufikisha. Utusamehe. Pumzika kwa amani, mwana wa Kitundu.