Mkoba wa Shampuu

Basi la Havana lilikuwa limejaa pomoni, na kama ilivyo ada, aliyeketi humpakatia mzigo aliyesimama. Migdalia akaupokea mkoba wa mzee asiyemjua. Ndani mlikuwa na chupa tatu za shampuu.

"Mzee, hizi zote za nywele zipi?" akamtania, maana kipara chake kiling'aa kuliko kioo cha dereva.

Mzee Eliecer akacheka. "Za breki, mama. Mafuta ya breki hayapatikani. Gari langu la mwaka hamsini na mbili nalitengeneza mwenyewe uani. Mwaka wa tisa huu linakunywa shampuu, wala halijalalamika."

Utani ukamwisha Migdalia. "Marehemu mume wangu naye alitia shampuu. Ikachemka mteremkoni. Alikanyaga breki mpaka chini, hamna kitu. Nilimzika mwezi wa nne."

"Pole sana, mama." Lakini hamu ya ufundi ikamshinda mzee. "Alitia ya aina gani?"

"Ya nazi."

"Basi ndiyo hiyo! Ya nazi ina povu jingi. Mimi natia ya mayai."

Hata marehemu, mbele ya fundi, hakosi kukosolewa.

"Nani anayeliendesha hilo gari lako?" Migdalia akauliza.

"Binti yangu. Anapeleka wajukuu shule."

Basi likasimama. "Nashuka hapa, mama. Nipe mkoba."

Migdalia akaukumbatia kwa mikono miwili.

"Mama, mkoba wangu!"

"Mpe mzee wa watu mzigo wake!" abiria wakafoka. "Mwizi mkubwa we!"

Migdalia akafumba macho, akazidi kuubana.