Mwalimu Nyakio Kihara, Aliyetii Waraka Kupita Kiasi

Baada ya karibu miaka kumi na minane ya kufundisha darasa la kwanza katika shule yetu ya Ngong Road, Mwalimu Nyakio Kihara anastaafu tarehe 30 Novemba 1977. Amefanya kazi chini ya wakuu wa shule wanne, wote wakiwa hodari wa kumwongezea kazi.

Mwaka 1974 serikali ilipoondoa ada kuanzia darasa la kwanza hadi la nne, kila mtu alifurahi isipokuwa madawati. Mwalimu Nyakio, aliyezoea watoto arobaini, alipokea mia moja hamsini na mmoja. Aliomba mwalimu wa pili, akaletewa sanduku la chaki. Tulishukuru, lilikuwa limejaa.

Mmoja wa wageni hao alikuwa Nanjala, wa miaka tisa, binti ya Dalmas Sifuna, mwashi wa kibarua huko Hurlingham. Miaka miwili alikuwa amekaa nyumbani ili kaka yake asome.

Kufikia Juni, wakubwa waligundua kwamba elimu ya bure inahitaji majengo, na kwamba wa kuyalipia ni wazazi walewale walioambiwa wasilipe. Hii haikuwa ada, tulielezwa, bali mchango. Waraka ukaagiza kwamba mtoto ambaye hajachangiwa asikae darasani.

Sifuna alikuja mwenyewe kumchukua bintiye, asije akafukuzwa mbele ya wenzake. Mwalimu Nyakio akamwambia arudi kazini. Kisha akawatoa nje watoto wote, waliolipiwa na wasiolipiwa, akatundika ubao ukutani na kuendelea na hesabu.

Alifundisha hivyo wiki baada ya wiki, katika baridi ya Julai ambayo waandishi wa nyaraka huisikia kwenye redio tu. Nanjala alikuja na koti la baba yake. Wiki ya tano mkaguzi akafika, akauliza kwa nini maagizo yanadharauliwa.

"Bwana Mkaguzi, waraka unasema wasikae darasani," alijibu. "Ingia uangalie kama kuna mtoto humo ndani."

Mkaguzi aliingia, akaangalia. Kwa utiifu huo Mwalimu Nyakio alizawadiwa barua ya onyo, na kupandishwa cheo kukasitishwa kwa miaka mitatu. Siku hiyo alilia ofisini, mlango ukiwa umefungwa. Halafu akanawa uso, akarudi nje kwa watoto.

Sifuna aliposikia, aliwakusanya waashi wenzake. Kwa Jumamosi saba walijenga vyumba viwili, na kamati ya wazazi ikakubali kazi yao kuwa ndiyo mchango wa watoto wote. Afisa alikuja kuvifungua, akakata utepe, akaipongeza ofisi yake kwa saa nzima. Mwalimu Nyakio hakutajwa. Alikuwa ndani tayari, akiita majina mia moja hamsini na moja. Wote waliitika.

Mwalimu, asante kwa kutufundisha kusoma nyaraka vizuri. Tunakuombea afya njema, mvua ya kutosha shambani kwako Kikuyu, na miaka mingi isiyo na mkaguzi.

Tobias Makau,
kwa niaba ya walimu wenzako