Bakteria Waliokaushwa

Asubuhi ile kijiweni kwetu Maisaka, hapa Babati, hakuna aliyegusa habari za mpira. Wote tulikuwa tunaiangalia simu ya Egidius, Baba Joyce, aliyoiweka juu ya goti. Mkewe, Gaudiosa, mtaalamu wa udongo, alikuwa Arusha akisubiri hukumu ya rufaa. Yeye hutengeneza mbolea hai: bakteria waliochanganywa na udongo mweusi wenye unyevu, ambao mkulima anaupaka kwenye mbegu za maharage. Kampuni moja ikamshtaki kwamba ameiba ugunduzi wao. Hataza yao, yaani hati inayolinda ugunduzi, inadai “bakteria waliokaushwa”. Mahakama ya chini ikawakubalia, na karakana ya Gaudiosa ikafungwa.

— Ule udongo ukiufinya unashikana, akasema Mzee Anselmi, tunayemwita Jaji. Umekaushwaje?

— Kampuni inasema kukausha ni kupunguza maji, hata kidogo, akajibu Egidius. Na Mama Joyce huwa anawachuja bakteria maji kwanza.

— Kupunguza tu? akaruka Sijaona, Profesa wetu wa ubishi. Basi kanzu nikiikamua imekauka! Naivaa naenda zangu msikitini!

Mustapha wa kahawa akainua birika.

— Na hii imechemka, maji yamepungua. Kumbe miaka yote nawauzia kahawa kavu!

— Ziwa Babati nalo hupungua kila kiangazi, akasema Jaji. Waje walidai, na viboko wake!

Tukacheka. Egidius hakucheka.

— Akishindwa leo, hafungui tena.

Hapo hapo simu ikaita. Akaweka sauti kubwa.

— Baba Joyce, akasema Gaudiosa, majaji wamesoma hataza nzima, siyo neno moja. Humo ndani kampuni wenyewe wameeleza kwamba “waliokaushwa” maana yake ni unga mkavu unaopeperuka. Udongo wenye unyevu wameuita njia ya zamani, wakaukataa. Majaji wamesema kampuni haiwezi leo kulivuta neno lile lile mpaka linifikie mimi. Tumeshinda!

Egidius akamkumbatia Jaji, vikombe vikapinduka, simu ikaanguka na kukatika. Profesa alikuwa anapiga kelele kama aliyeshinda kesi yeye.

Akatokea Brigita, mkulima wa kijiji cha Mutuka, mfuko wa mbegu kichwani.

— Shikamooni.

— Marahaba! Mama Joyce ameshinda!

— Kelele zenu nimezisikia tangu barabarani. Sasa hiyo mbolea inapatikana lini? Mimi napanda kesho.

Jaji akakiokota kikombe chake, kitupu.

Egidius akaiokota simu na kupiga tena. Gaudiosa alipopokea, alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

— Brigita yupo hapa, anauliza mbolea lini.

— Mwambie asipande kwanza. Nimeshaingia kwenye basi, nakuja kufungua karakana.

Brigita akautua mfuko wake chini, akaketi katikati yetu.